Kadi ya Bima Haitoshi: Somo Kuhusu Kudumu Katika Matibabu ya Virusi vya Ukimwi



Katika masomo yaliyopita tumefundishana juu ya kupimwa na juu ya kuanza dawa. Leo tunachukua hatua inayofuata, ambayo vikundi vingi huipita haraka haraka: kudumu katika matibabu. Si kudumu mwezi mmoja au miwili. Ni kudumu miaka kumi, ishirini, thelathini.

Tutamwangalia hasa mtu aliye na bima ya afya. Tunapowatembelea wanavikundi tunasikia maneno haya mara kwa mara: "Huyo hana shida, si ana kadi? Atatibiwa tu." Somo hili linataka kuonyesha kwamba kadi humfungulia mtu mlango wa hospitali, lakini haimshiki mkono asitoke tena. Wanaomshika mkono ni watu. Na kikundi chako kinaweza kuwa miongoni mwa watu hao.

Somo hili ni refu kidogo. Linaweza kusomwa kwa sauti katika mkutano mmoja, au likagawanywa mara mbili. Mwishoni kuna maswali ya kujadili.

1. TUTA HUJENGWA MARA MOJA, HULINDWA KILA MSIMU

Watu wa Machakos wanajua maana ya matuta. Vikundi vya mwethya vimechimba matuta ya fanya juu kwenye miteremko hii tangu siku za mama na nyanya zetu. Kila mkulima anajua kwamba kuchimba tuta ni nusu ya kazi. Tuta likiachwa misimu miwili, hubomoka pahali padogo. Maji hupata njia hapo hapo. Mvua moja kubwa inaweza kubeba udongo uliokusanywa kwa miaka mitano.

Dawa za ARV ziko hivyo. Dawa hizi huzuia virusi kuzaana, lakini hazimalizi virusi vyote. Vingine hujificha ndani ya mwili na kukaa kimya. Mtu akiacha dawa, hata kama ana afya njema na anabeba gunia la mahindi, virusi vilivyojificha huanza kuzaana tena, kwa kawaida ndani ya wiki chache. Yeye hasikii lolote mwanzoni. Baadaye kinga ya mwili hushuka, na hapo ndipo kifua kikuu na maradhi mengine huingia. Jambo la pili ni usugu. Mtu anayemeza leo na kuacha kesho huvipa virusi nafasi ya kuizoea dawa, na dawa iliyokuwa ikimsaidia inaweza kukosa nguvu.

Upande wa pili ni habari njema. Shirika la Afya Duniani (WHO) limesema wazi kwamba mtu anayemeza dawa vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono. Mama aliye katika hali hiyo hupunguza sana hatari ya kumwambukiza mtoto wake wakati wa mimba, wakati wa kujifungua na wakati wa kunyonyesha. Basi kudumu kwa mtu mmoja ni ulinzi wa nyumba nzima.

2. KUDUMU MAANA YAKE NINI?

Tusikadirie kwa macho. Mtu anaweza kunenepa na bado ameacha dawa. Kudumu kuna mambo matatu:

(a) Kufika kliniki siku aliyopangiwa. Katika taratibu za programu nyingi, mtu akipitisha siku 28 baada ya siku aliyotakiwa kufika, bila kuonekana wala kuchukua dawa, huhesabiwa kuwa amekatiza matibabu.

(b) Kumeza dawa kila siku. Siku hizi wagonjwa wengi wazima humeza kidonge kimoja tu kwa siku. Si kama zamani, ambapo mtu alibeba mfuko wa vidonge.

(c) Kupimwa wingi wa virusi katika damu. Kwa mtu aliyetulia, kipimo hiki hufanywa kwa kawaida mara moja kwa mwaka. Hiki ndicho kioo cha kweli. Kinaonyesha kama tuta bado limesimama.

Tumetoka mbali kufika hapa. Mgonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Kenya alitambuliwa mwaka 1984. Mwaka 1999 Rais Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la taifa, na wakati huo dawa zilikuwa za matajiri. Mwaka 2006 serikali iliondoa ada ya dawa hizi katika hospitali za umma. Tangu mwaka 2016 kila anayepatikana na virusi huanzishwa dawa bila kungoja kinga ishuke kwanza. Leo takriban watu milioni 1.3 wanaishi na virusi nchini Kenya. Watoto waliozaliwa navyo wamekuwa watu wazima wenye watoto wao. Wengine wamekuwa babu na nyanya, na sasa wanatibiwa pia shinikizo la damu na sukari.

Kwa hiyo swali la miaka ya nyuma lilikuwa, "Dawa zitapatikana wapi?" Swali la leo ni, "Nani atakuwa bado anazimeza miaka kumi kutoka sasa?"

Na msidhani swali hili ni la maskini peke yao. Marekani ni nchi tajiri na dawa zipo. Wengi wa wanaoishi na virusi huko wana bima ya aina moja au nyingine. Hata hivyo takwimu za miaka ya karibuni za Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha nchi hiyo (CDC) zinaonyesha kwamba ni zaidi kidogo ya nusu tu ya wanaojulikana kuwa na virusi waliopata huduma mfululizo katika mwaka mmoja. Ikiwa huko watu wanapotea na kadi mkononi, nasi tuangalie vizuri huku kwetu.

3. SYOKIMAU: MAHALI PA WATU WANAOHAMA

Tuchukue Syokimau kuwa mfano. Wengi wenu mna mtoto, shemeji au jirani anayefanya kazi pande hizo. Syokimau iko katika kaunti yetu ya Machakos, kando ya barabara ya Mombasa, karibu na Mlolongo na Athi River. Jina lake ni la yule mwanamke mwonaji wa Wakamba ambaye wazee husimulia kwamba aliona reli kabla haijaja. Na reli kweli imefika. Kituo cha treni za abiria wa Nairobi kilifunguliwa mwaka 2012, na tangu mwaka 2017 treni ya SGR ya kwenda Mombasa huanzia hapo.

Mahali palipokuwa malisho sasa ni nyumba za kupanga. Kuna wenye majumba yao na bima za makampuni. Kuna wafanyakazi wa viwanda vya Athi River, pamoja na vile vya kushona nguo vya EPZ, ambao hukatwa pesa za bima kwenye mshahara. Kuna walinzi, yaya, mafundi wa ujenzi na madereva wa malori wanaopitia Mlolongo. Wote hawa wanaweza kuwa na kadi. Lakini ni watu wa kuhamahama, na maisha ya namna hiyo hutoboa mashimo katika tuta. Tumeyapanga mashimo hayo matano.

Shimo la kwanza: kazi ikiisha, kadi hunyamaza. Chukueni mfano wa dada mshonaji kiwandani. Huu ni mfano wa kufundishia, si mtu fulani. Alikuwa akitibiwa katika hospitali ya binafsi iliyo kwenye bima ya mwajiri, na dawa za ARV akachukulia hapo hapo. Mkataba ukaisha mwezi wa nne. Mwezi wa tano akafika kaunta akaambiwa, "Mama, kadi yako haisomi." Akarudi nyumbani akilia. Hakuna aliyemwambia kwamba dawa zile zile zinapatikana bure katika hospitali ya serikali, na kwamba anachohitaji ni barua ya kuhamishwa tu. Akakaa miezi mitatu bila dawa. Dawa zilikuwepo, na haki yake haikuwa imeondoka. Aliondokewa na kadi, akadhani ameondokewa na matibabu.

Shimo la pili: kuhama. Kodi ikipanda mtu huhamia Katani au Kitengela, au anarudi nyumbani Mwala. Kliniki iko Syokimau, yeye yuko kijijini. Mwezi wa kwanza anapanda matatu kufuata dawa. Mwezi wa pili anasema, "Nitaenda mwisho wa mwezi." Mwezi wa tatu anaona haya kurudi.

Shimo la tatu: aibu na siri. Mwenye bima ya kazini huogopa zaidi kuliko asiye nayo. Hujiuliza, "Fomu hii inapelekwa wapi? Bosi ataona?" Kwa hiyo wengine huficha kadi na kwenda mbali wasikojulikana, mpaka safari inawachosha. Wengine huacha kabisa.

Shimo la nne: "mimi nimepona." Dawa zikifanya kazi vizuri mtu husahau kwamba ni dawa zinazofanya kazi. Wengine huchoka tu. Kumeza kidonge kila siku kwa miaka kumi na mitano si mchezo, hata kwa mtu mwenye moyo mgumu. Na wengine huambiwa na watu kwamba wameombewa na sasa waache dawa. Tunasema wazi: sala na dawa havigombani. Anayemwombea mgonjwa amwombee nguvu ya kumeza dawa yake. Asimwambie kamwe aiache.

Shimo la tano: mambo ambayo kadi hailipi. Kadi hailipi nauli. Hailipi siku ya kibarua iliyopotea kwenye foleni. Haimlishi mtu anayemeza dawa na tumbo tupu. Hailipi mtu wa kubaki na watoto. Mwenye mshahara wa siku akihesabu hasara hiyo, hujiambia kwamba heri kukosa kliniki kuliko kukosa unga.

Angalieni tena mashimo haya matano. Katika shimo la kwanza peke yake ndipo kadi yenyewe ilipoleta shida. Mengine yote manne humkuta mtu ambaye kadi yake inasoma vizuri kabisa.

4. KADI INALIPA NINI, NA HAIHITAJIKI WAPI?

Hapa pana kuchanganyikiwa kwingi, kwa hiyo tuende pole pole.

NHIF, ambayo ilianzishwa mwaka 1966, haipo tena. Mahali pake imekuja Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, iliyoanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024 chini ya sheria ya mwaka 2023. Kujiandikisha kunawezekana kwa simu kwa kupiga *147#. Asiye na uhakika kama habari zake za zamani zilihamishwa akahakikishe mapema, asingoje siku ya ugonjwa.

Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote. Anayepata shilingi 20,000 kwa mwezi hukatwa shilingi 550. Asiye na mshahara huulizwa maswali juu ya hali ya nyumba yake, kisha hupangiwa kiasi cha kulipa kwa mwaka. Kiasi cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani shilingi 3,600 kwa mwaka.

Sasa shikeni mambo haya matatu:

Kwanza, dawa za ARV katika hospitali na vituo vya umma ni bure, na mtu hapaswi kunyimwa dawa hizo kwa sababu bima yake imekatika. Akiulizwa kadi kwa ajili ya huduma nyingine, aseme waziwazi kwamba amekuja kuchukua dawa zake.

Pili, kujiandikisha SHA na kulipa SHA ni mambo mawili. Mtu aliyejiandikisha hupata huduma za msingi katika zahanati na kituo cha afya bila kutozwa, kwa fungu linalotolewa na serikali. Lakini akilazwa katika hospitali kubwa, mfano Machakos Level 5, hapo ndipo michango iliyolipwa huhitajika.

Tatu, kwa nini basi mwenye virusi ajisumbue kulipa? Kwa sababu mwili si ARV peke yake. Kuna nimonia, kuna kujifungua, kuna upasuaji, kuna figo na sukari. Mtu akiuza ng'ombe kulipia kitanda cha hospitali, mwezi unaofuata hana nauli ya kufuata ARV. Namna hiyo deni la ugonjwa mmoja huua matibabu ya ugonjwa mwingine. Bima inalinda matibabu ya Ukimwi kutoka upande ambao hatukuutazamia.

5. SHERIA INASEMAJE KUHUSU SIRI?

Kenya ina sheria ya mwaka 2006 ya kuzuia na kudhibiti virusi vya Ukimwi. Kila kikundi kifahamu mambo haya ndani yake:

- Majibu ya kipimo cha mtu hayatolewi kwa mwingine bila ruhusa yake ya maandishi, isipokuwa pale sheria yenyewe inaporuhusu.
- Mwajiri hawezi kumfukuza mtu kazi kwa sababu tu ana virusi.
- Mtu halazimishwi kupimwa au kutaja hali yake ili tu apate mkopo au bima. Hata hivyo kwa bima kubwa inayopita kiwango kilichowekwa, kampuni inaweza kutaka kipimo.
- Aliyeonewa ana baraza maalum la kupeleka malalamiko yake, lililoundwa na sheria hiyo hiyo.

Mwenye bima ya kazini anaweza kumuuliza mhudumu kwa upole, "Habari hizi zitasomwa na nani?" Ni swali la haki. Na akiona hawezi kuwa na amani hapo, ana ruhusa ya kuchukua dawa kwenye kituo cha umma na kuitumia kadi ya kazini kwa maradhi mengine. Jambo la muhimu ni achukue dawa pahali pamoja bila kukatika.

6. MABADILIKO YA MWAKA 2025

Kwa zaidi ya miaka ishirini sehemu kubwa ya kazi hii ilibebwa na pesa za Marekani kupitia mpango wa PEPFAR, ulioanzishwa mwaka 2003. Mnamo Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje. Wahudumu wengi waliokuwa wakilipwa na fedha hizo waliambiwa waende nyumbani, wakiwemo wale waliokuwa wakiwapigia simu wagonjwa waliokosa kliniki. Serikali ya Kenya nayo ikaagiza huduma za Ukimwi ziunganishwe na huduma za kawaida za wagonjwa wa nje.

Kuunganisha kuna faida yake. Mtu hapiti tena kwenye mlango ambao kila mtu anajua ni wa nini. Lakini kuna hasara pia. Foleni ni ndefu, nyuso ni ngeni, na yule mama mshauri aliyemjua kila mgonjwa kwa jina huenda hayupo tena. Kumbukeni kwamba simu ile ya "Mzee, jana hukufika, kuna shida?" ndiyo iliyokuwa ikiwarudisha wengi. Ikiwa hakuna wa kuipiga, ni nani atauliza?

Hapo ndipo sisi wa vijijini tunaposimama. Na si jambo geni. Mashariki mwa Nairobi mradi wa Kanisa Katoliki unaoitwa EDARP ulianza mwaka 1993, miaka mingi kabla ya dawa kupatikana, kwa majirani kuwatembelea wagonjwa majumbani. Magharibi mwa nchi AMPATH, ushirika wa Chuo Kikuu cha Moi na hospitali ya rufaa ya Eldoret pamoja na vyuo vya ng'ambo, umejaribu huko Busia kupeleka huduma ya virusi, shinikizo la damu na sukari ndani ya vikundi vya akiba na mikopo. Maana yake ni kwamba kikundi kama chako, chenye daftari, sanduku na siku ya mkutano, ni chombo kinachoweza kubeba matibabu.

7. KIKUNDI KIFANYE NINI?

Hatusemi kikundi kigeuke hospitali. Tunasema kizibe mashimo kilicho na uwezo wa kuyaziba.

(1) Wekeni akiba ya safari ya hospitali kwa kila ugonjwa. Wanachama 20 wakitoa shilingi 20 kila wiki, hiyo ni shilingi 400 kwa wiki, au 1,600 kwa wiki nne. Anayehitaji nauli humwona mweka hazina peke yake na haulizwi anaugua nini. Iiteni "akiba ya safari", msiiite "akiba ya Ukimwi". Jina baya litafukuza wale wale mnaotaka kuwasaidia.

(2) Lipeni bima kidogo kidogo. Shilingi 3,600 kwa mkupuo mmoja ni mzigo. Lakini mtu akiweka shilingi 70 kila wiki kwenye daftari la kikundi, kwa wiki 52 amefikisha 3,640. Aliyepangiwa kiasi kikubwa zaidi agawanye kiasi chake kwa 52, naye atajua cha kuweka.

(3) Wafundisheni wote juu ya barua ya kuhamishwa. Anayehamia au kurudi kutoka mjini aiombe kliniki yake ya zamani barua hiyo kabla ya kuondoka. Kama ameshaondoka bila barua, aende kliniki iliyo karibu hata hivyo. Asikae nyumbani kwa kukosa karatasi. Waambieni vijana wenu walio Syokimau na Athi River jambo hili kwa simu, kila mmoja wao, bila kuchagua. Mkiwaambia wote, hakuna atakayeona amenyooshewa kidole.

(4) Ulizeni juu ya dawa za miezi mingi. Mtu aliyetulia, ambaye kipimo chake ni kizuri, anaweza kupewa dawa za miezi mitatu, na mahali pengine hadi sita. Hiyo hupunguza nauli na siku za kibarua zinazopotea. Watu wanaojuana na walioaminiana wanaweza pia kuomba kliniki iwapange katika kikundi cha dawa, ambapo mmoja huwachukulia wenzake kwa zamu. Hili hufanywa kwa mpango wa kliniki na kwa hiari ya wenyewe tu.

(5) Mtumieni mhudumu wa afya ya jamii. Mwaka 2023 serikali ilizindua wahudumu 100,000 wa namna hii nchini. Mwalikeni kwenye mkutano mara moja kwa miezi mitatu. Apime shinikizo la damu na ajibu maswali ya wote. Atakayekuwa na lake la siri atajua wa kumwendea.

(6) Kila mtu awe na mtu mmoja. Mtu anayedumu miaka mingi kwa kawaida ana mwenzake mmoja anayejua siri yake na kumuuliza, "Umemeza?" Awe mume, mke, dada au rafiki. Kikundi hakimchagulii. Kazi yenu ni kuwa watu ambao mtu anaweza kuthubutu kumwambia mmoja wao.

8. MAMBO YA KUEPUKA

- Kikundi kisimtake mwanachama aseme hali yake, wala kisiandike orodha ya majina.
- Msiazimane dawa. Kidonge cha jirani huenda si chako, na mwezi wake ukipungua mnakuwa wawili wenye shida.
- Aliyeacha asianze tena peke yake kwa vidonge vilivyobaki kabatini. Arudi kliniki aangaliwe, kwa sababu huenda kinga imeshuka na kifua kikuu kimeingia.
- Msitumie utani. Neno moja la kejeli kwenye mkutano linaweza kumfungia mtu nyumbani mwaka mzima.

9. ANAYERUDI APOKELEWE VIPI?

Ndugu zangu, hapa ndipo wengi huvunjika. Mtu amekosa kliniki miezi minne. Amejipa moyo, amekopa nauli, amefika. Neno la kwanza analosikia ni, "Ulikuwa wapi wewe? Unataka kufa?" Kesho hatarudi, na kadi yake ya bima bado inasoma.

Anayerudi baada ya kupotea amefanya kazi ngumu kuliko yule ambaye hakupotea. Aambiwe, "Karibu mama, umefanya vizuri kurudi." Maswali yaje baadaye, na yawe ya kutafuta shimo lilipo: ni nauli, ni kazi, ni mume, ni aibu? Msitafute wa kulaumiwa. Mkulima akiona tuta limebomoka hasimami hapo kulitukana. Huchukua jembe akaangalia maji yalipitia wapi.

Kama mtu wako anaogopa kurudi peke yake, msindikize. Kaa naye kwenye benchi. Huhitaji kujua kila kitu. Mara nyingi kilichomkosesha matibabu ni mita ishirini za mwisho, kutoka getini mpaka kaunta.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kati ya mashimo matano tuliyotaja, ni lipi lililo kubwa zaidi hapa kwetu? Kuna la sita ambalo hatukulitaja?
2. Ni wanachama wangapi wamejiandikisha SHA? Ni wangapi wanajua tofauti ya kujiandikisha na kulipa?
3. Mtu wa kijiji hiki akipoteza kazi huko Syokimau na kurudi nyumbani leo, ataendelea kuchukua dawa wapi? Nani atamwonyesha?
4. Je, katika kikundi chetu mtu anaweza kuomba nauli ya hospitali bila kuulizwa anaugua nini? Kama hawezi, tubadilishe nini?
5. Tunazungumzaje juu ya wagonjwa wakati hawapo?

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO

Wachagueni wanachama wawili, mwanamke na mwanamume. Waende kwenye kituo cha afya kilicho karibu waulize mambo manne: dawa za ARV hutolewa siku gani na chumba kipi tangu huduma ziunganishwe, anayehamia bila barua hupokelewaje, dawa za miezi mitatu hupatikana kwa masharti gani, na mgonjwa asipofika, ni nani hufuatilia. Waandike majibu kwenye daftari la kikundi na kuyasoma mbele ya wote.

Jibu la swali la nne likiwa ni "hakuna mtu", msikate tamaa wala msigombane na wauguzi. Mwombeni msimamizi wa kituo mkae pamoja mzungumze jinsi kikundi kinavyoweza kusaidia bila kuvunja siri ya mtu. Mkutano mmoja wa namna hiyo unaweza kuwaweka majirani wengi katika dawa kuliko kadi mia moja.

Kazi njema, na tuta lisimame.